Nani Anaila Taa ya Pimbi?

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majungu yao kama sisi, Pimbi alikuwa mtunza taa ya kivukoni.

Taa yenyewe ilikuwa bomba la kioo lenye gesi ndani. Umeme ukiingia, vuuu! Mwale mwekundu unanyooka mpaka ng'ambo ya mto, unaonyesha mawe ya kukanyaga asubuhi za ukungu.

Basi mwale ukaanza kufifia. Mtoto wa Swala akakosea jiwe, chubwi! Nusura aliwe na mamba.

"Mwizi ni mtunzaji!" akafoka Kifaru, mkuu wa kijiji. Ndiyo desturi yao: kitu kikipungua, anakamatwa anayekitunza. "Kesho mwale usipong'aa, hama mwambani, wewe na wanao!"

Pimbi akarudi kuikagua taa. Ahamie wapi na watoto, na tai wamejaa angani? Umeme ulikuwa ule ule. Kioo kilikuwa safi. Sasa nani? Akaanza kumshuku kila mtu. Fisi anacheka nini? Kobe anaficha nini humo ndani?

Ndipo akamwona Chatu amejilaza nyuma ya bomba. Baridi yote ile, na Chatu, ambaye baridi humgandisha, anatabasamu!

"Shikamoo, Mzee Chatu. Mbona huku?"

"Marahaba. Nakulindia taa, mwanangu. Au unaona mwanga wowote hapa kwangu?"

Kweli, palikuwa giza. Lakini Pimbi akanyoosha mkono. Lo! Joto!

Akaelewa. Mle bombani mna ndugu wawili wa mwanga, mwekundu anayeonekana na wa joto asiyeonekana. Wanakula sahani moja ya umeme. Wa joto akila kwa pupa, mwekundu analala njaa. Na vile vioo vya mwishoni mwa bomba, vinavyoamua ndugu yupi ashibe, mbona vilikuwa vigeni? Lakini nani angeamini mwanga usioonekana?

"Ahsante, mzee wangu," akasema Pimbi kwa sauti ya asali. "Kesho lala hapo hapo, kijiji kizima kione unavyonisaidia."

Chatu akavimba kwa sifa.

Asubuhi kijiji kikajaa. Pimbi akatoa sumaku alizoachiwa na bibi yake, maana asiyeonekana husumbuliwa na sumaku kuliko mwekundu. Akazipanga kimya kimya kando ya bomba. Ta! Ta! Ta!

Mwale ukawaka mwekundu pyuu, mpaka ng'ambo!

"Uwiii! Baridi!" akapiga kelele Chatu. "Nani amenizimia moto wangu? Vioo nimevibadilisha kwa shida zote zile!"

 Wote wakageuka. Chatu akajiziba mdomo kwa mkia, lakini maneno yalikwisha kutoka.

"Hama wewe, Chatu!" akanguruma Kifaru, bila kuthubutu kumtazama Pimbi usoni.

Basi watoto, kabla ya kumshika aliye karibu, mtafuteni anayeshiba bila kuonekana akila.