Walioshika Nyota

Nyie mnaonung'unika kwamba mpiga picha wa harusi hajafika huku jikoni, menyeni vitunguu huku mnanisikiliza. Mimi Bi Mwanakheri nimepika kwenye harusi miaka arobaini, na picha yangu hata moja hakuna. Tena sikuanza mimi kufanya kazi bila kuonekana.

Zamani sana, kila kiumbe cha angani kilikuwa cha giza. Ndipo Mgawaji akaja na nuru, akawapanga wote foleni awavishe. Sharti lilikuwa moja: ukitoka, nafasi yako imekwenda. Nyota walikuwa wachache, lakini watundu hao! Wakajipenyeza mbele, wakavishwa kwanza.

Walipojiona wanang'aa, wakaanza kucheza duara, mbio, bila kiasi. Lulua, mdogo wao, alikuwa pembeni kabisa. Akateleza, akaanza kupotelea kwenye utupu.

"Nishikeni jamani!"

Mbele ya foleni alikuwa Zito, mwenye mwili mkubwa na maneno machache. Alikuwa keshanyoosha mikono apokee, na hakuna kitu alichokitamani kama nuru ile. Akamtazama Lulua.

"Twendeni," akawaambia wenzake.

Foleni nzima ikamfuata. Wakaizingira ile ngoma, wakaituliza kwa uzito wao, na Lulua akavutwa akarudi duarani.

"Zito, nafasi yenu imekwenda," Mgawaji akasema. "Ungeniita kwanza."

"Ningekuita, angekuwa keshapotea."

Mgawaji akalia, lakini sharti alikuwa ameliweka mwenyewe.

Na tangu siku hiyo nuru huwapita akina Zito bila kuwagusa. Wataalamu wa anga wamepima mwendo wa nyota, wakaona kwa kasi ile zingekuwa zimetawanyika zamani. Lazima kuna kinachozishika. Sasa wanabishana hicho kisichoonekana ni nini. Wengine wanasema ni chembe nzito zenye haya, wengine wanasema ni chembe nyepesi kupita kiasi, na majina wameshazipa kabla ya kuziona. Wamechimba mpaka chini ya milima, wakatega vyombo vyao, wakingoja moja tu iviguse. Mpaka leo kimya.

"Bibi," Rukaiya akaniuliza, kisu mkononi, "Zito hakujuta?"

Alijuta, mwanangu. Kila Lulua akiwaka, Zito hujuta kidogo. Halafu humshika vilevile.

Haya, lete hivyo vitunguu. Watu wana njaa huko mbele.