Mbegu Tatu za Sechelela

Jamani, niseme au ninyamaze?
— Sema!
Nikisema, mtanisikia?
— Tutakusikia mpaka mwisho!

Basi hapo kale, katika nchi kavu ya wakulima wa uwele, aliishi mjane mmoja jina lake Sechelela. Aliishi na mama mkwe wake, bibi Mbeleje. Jirani yao alikuwa Lungwa, kaka mkubwa wa marehemu mumewe.

Lungwa alilima uwele wa aina moja tu, wenye masuke marefu kama mkono. Sechelela aligawa shamba lake vipande vitatu. Kimoja akapanda uwele mrefu. Kimoja akapanda uwele wenye ndevu. Kimoja akapanda uwele mfupi, unaowahi kukomaa.

Lungwa akacheka. "Shemeji, unacheza na shamba la ndugu yangu?"

"Sichezi, shemeji. Nataka kuona."

Mwaka wa kwanza mvua ikanyesha vizuri. Uwele mrefu ukajaza ghala, na Lungwa akazidi kucheka.

Mwaka wa pili wakaja kweleakwelea, ndege wengi kama moshi. Uwele mrefu ukaliwa wote. Wenye ndevu ukawachoma midomo, ukabaki.

Mwaka wa tatu mvua ikakatika mapema. Mrefu ukakauka. Wenye ndevu ukakauka. Mfupi peke yake ukakomaa, nao ulikuwa kidogo tu.

Njaa ikaingia, jamani. Njaa ile! Watu walikula majani, wakala ngozi, wakala hata mbegu zao.

Bibi Mbeleje akamwita mkwewe. "Mwanangu, tukila mbegu hizi, mvua ikija tutapanda nini?"

Wakaweka mbegu za aina zote tatu, akiba ya miaka iliyopita, vibuyuni, wakachanganya na majivu. Wakazifukia kando ya kaburi la mume, mahali ambapo hakuna ambaye angechimba. Bibi akashika mkono wa Sechelela.

"Mimi ni mzee. Njaa itanifanya niombe. Nikiomba, usinipe."

"Mama, usiniapishe hivyo."

"Apa."

Akaapa.

Na kweli, bibi aliomba. Aliomba uji, Sechelela akampa maji ya mizizi. Aliomba tena, akampa maji ya mizizi. Mara ya tatu aliomba kwa macho tu, maana sauti ilikuwa imekwisha. Sechelela akageuza uso ukutani. Bibi Mbeleje akafa.

Mnanyamaza? Hata mimi nilinyamaza nilipohadithiwa.

Mvua ikaja. Sechelela akaenda kaburini na jembe. Lungwa akamwona, akaja mbio.

"Unafukua kaburi la ndugu yangu?"

"Nafukua mbegu."

Lungwa akaviona vibuyu. Akainua jembe lake juu. "Mama yangu amekufa njaa, na wewe una uwele!"

"Tulizifukia pamoja, shemeji. Aliniapisha nisimpe. Aliomba, nami sikumpa. Ukitaka kunipiga, nipige, lakini zipande kwanza."

Jembe likashuka. Lungwa akakaa chini kwenye tope, akalia kama mtoto. Alipomaliza, akauliza, "Tuanze na upi?"

"Aina zote. Hatujui mwaka huu utakuwaje."

Wakapanda aina zote, kila moja kipande chake, wakawagawia na majirani. Uwele mfupi ukawahi. Sechelela akatwanga, akasaga, akapika ugali wa kwanza. Akaketi mbele yake. Hakuweza kula.

Lungwa akanawa mikono. Akamega tonge, akaliweka kwenye kiganja cha mjane.

"Kula, shemeji. Mama alikufa ili ule."

Akala, machozi yakidondokea ugali. Na Lungwa akala naye.

Hadithi yangu inaishia hapo.
— Tumeisikia!
Basi chukueni, nendeni nayo makwenu.
— Tumeichukua!