Kikohozi cha Bi Sikudhani na Moshi wa Tabibu Nyani

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa jiwe.
Na juu ya jiwe?
Jiwe jingine.
Na juu ya hilo jingine?
Bibi anakohoa. Mpisheni akae.

Basi akae, nanyi mkae, na mwenye kifua kibovu asogee mlangoni. Hadithi hii nimeisikia bara, nimeisikia pwani, na kila nilipoisikia palikuwa na mtu anakohoa pembeni. Mara nyingi alikuwa mimi.

Hapo kale palikuwa na mlima wa mawe yaliyopandana, na nyufani mwake waliishi pimbi, wanyama wadogo, wanono, wasio na mkia wa kuringia. Mlinzi wao alikuwa Bi Sikudhani, pimbi mtu mzima, mwenye wajukuu. Kazi yake ilikuwa kukaa jiwe la juu kabisa. Wenzake wakila majani bondeni, yeye anatazama mbingu. Akimwona Tai, anapiga mluzi: fyuuu! Na pimbi wote, swaa, wamo nyufani. Alianza kazi hiyo msichana, akazeekea pale juu, na hakuna mtoto wa mtu aliyeliwa katika zamu yake.

Ukaja mwaka, kifua kikamgeuka. Akivuta pumzi: hiii. Akiitoa: hooo. Akitaka kusema neno: koho, koho, koho.

Akaenda kwa Jumbe wa pimbi, akamuuliza, "Jumbe, kifua changu kina nini?"

"Ni uzee, bibi."

Akaenda kwa Mjusi, anayeota jua mchana kutwa na kujua habari za kila nyumba. Kifua changu kina nini? Ni uzee, bibi. Akaenda kwa Kobe, aliyemzidi umri mbali sana na ambaye hajakohoa tangu azaliwe. Kifua changu kina nini? Kobe akafikiri mpaka kivuli kikahama, kisha akasema ni uzee.

Bi Sikudhani akakasirika. Pimbi ana manyoya katikati ya mgongo ambayo husimama akiudhiwa, na ya bibi yakasimama wima kama mswaki. Lakini hasira nazo zinataka pumzi, na yeye hakuwa nayo. Koho, koho, koho.

Ikabaki kwenda kwa tabibu.

Tabibu wa mlima ule alikuwa Nyani. Mkubwa, ana mabega, ana meno marefu kama vidole, na ana tumbo lisilojua kushiba. Aliishi pango la chini, chini kabisa ya pango la Bi Sikudhani. Hakuna aliyejua alijifunzia wapi utabibu, na kwa meno yale hakuna aliyeuliza. Ada yake ilikuwa mahindi. Mwenye jino linalouma alete mahindi, mwenye mguu ulioteguka alete mahindi. Na Nyani mahindi hayo hakuyala yote mara moja. Aliyafunga mafungu mafungu, akayaning'iniza darini mwa pango, chini yake akawasha moto wa kuni mbichi, ili moshi uyakaushe na dumuzi wasiyatoboe. Ndivyo mahindi yanavyotunzwa, hata mama zenu wanajua.

Nyani akamgonga Bi Sikudhani mgongoni, ngo ngo ngo, kama anayenunua mtungi. Akamwambia ni uzee, ila uzee wenye dawa. "Ingia ndani, bibi. Ziba mlango, piga nyungu ujifukize mvuke, usitoke nje. Na kesho uniletee mahindi."

Bi Sikudhani akaziba mlango, akapiga nyungu, hakutoka. Kifua: hiii. Kifua: hooo. Akapeleka mahindi. Nyani akamwambia azibe mlango zaidi. Akaziba zaidi, akakohoa zaidi, akapeleka mahindi zaidi.

Siku moja yuko zamuni, Tai akatokea. Bi Sikudhani akajaza kifua apige mluzi. Ikatoka: koho. Akajaza tena. Koho, koho. Bondeni mjukuu wake mdogo, Tumbe, alikuwa anatafuna jani, hana habari. Kucha za Tai zikampitia mgongoni, zikaondoka na manyoya, na lau zingeshuka unywele mmoja zingeondoka na Tumbe.

Jioni hiyo Jumbe akaita baraza. Akasema, kwa maneno laini ya mtu aliyekwisha amua, kwamba bibi ametumika sana na mlima unamshukuru. Mtama ukikomaa kabla hajapona, atalishuka jiwe, na pango la juu, ambalo ni la mlinzi, atalihama akaishi bondeni nyasini. Nyani, aliyekaa pale kama mgeni wa heshima, akasema asiwe na wasiwasi, pango yeye atalitunza. Darini kwake pamejaa.

Bi Sikudhani akataka kuwajibu. Koho, koho, koho. Baraza likatazama chini kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma kuliko kucha za Tai.

Akaondoka kwa hasira, akaenda kwa binti yake anayekaa mawe ya mtoni. Akalala huko. Alipoamka alihisi kitu kimepungua, hakujua nini. Akavuta pumzi: kimya. Akaitoa: kimya. Akakaa huko mpaka akachoka kupikiwa, hakukohoa hata mara moja. Akarudi kwake, akaingia pangoni, akalala. Hiii. Hooo. Koho, koho, koho.

Akamwendea Jumbe mbio, akamweleza. Jumbe akasema ndivyo uzee ulivyo, una siku zake.

"Jumbe, huu uzee wangu una miguu?" akauliza Bi Sikudhani. "Nilipokwenda mtoni niliuacha nyumbani unanilindia mlango? Binti yangu aliniona kigoli?"

Jumbe akasema bibi asijichoshe.

Basi bibi akarudi pangoni na manyoya yake yamesimama, akaanza kutafuta. Akatoa matandiko ya nyasi, akayalalia nje: hakukohoa. Kumbe si matandiko. Akayaacha nje, akalala ndani juu ya jiwe tupu: akakohoa. Kumbe ni nyumba. Akanusa ukuta huu, akanusa ukuta ule, akanusa kona ya nyuma ambako matandiko hukaa. Pale palikuwa na ufa, mweusi tii kwa masizi. Akatia pua. Moshi. Akatia sikio. Akamsikia mke wa Nyani akiuliza chini kule, moshi wote ule huenda wapi, mbona wao hauwapati?

Na Nyani akajibu, huku anatafuna, "Ukishapanda si wetu."

Bi Sikudhani akalitoa sikio ufani. Alikaa palepale akafikiri habari ya mahindi yake. Alikuwa ameyabeba mwenyewe, akakabidhi mwenyewe, yakatundikwa, yakawashiwa moto, moshi ukapanda ukamkohoza, akabeba mengine. Na mlango akauziba kwa mkono wake, moshi usije ukapotea bure!

Kwenda barazani? Baraza litamuuliza tabibu, na tabibu atasema ni uzee. Akaacha.

Sasa, pimbi wana desturi moja nisiyopenda kuitaja kabla ya chakula. Wana choo kimoja, ukoo mzima, tangu enzi za mababu, na kilichomo hukauka kikawa kigumu kuliko jiwe lenyewe. Bi Sikudhani akaenda chooni kwa mababu, akachukua cha kutosha, akakilainisha kwa maji, akauziba ule ufa. Pa, pa, pa. Kisha akafungua mlango wake wazi, akaketi kungoja.

Siku zikapita. Juu: kimya. Chini: koho, koho, koho. Hiii. Hooo.

Mgonjwa akija kwa tabibu anamkuta tabibu anatokwa machozi. Mwishowe Nyani akapanda kwa Bi Sikudhani, macho mekundu, anatazama nyuma asionekane. Akamkuta bibi anajipigia mluzi wa mazoezi.

"Bibi, umepona. Umetumia nini?"

"Dawa yako, mjukuu wangu. Mahindi."

"Mahindi vipi?"

Bibi akamwambia taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzie huruma. "Wewe si tabibu? Mgonjwa anapokuletea hindi anakuletea na ugonjwa wake. Mimi kikohozi changu nilikifunga humo, nikakukabidhi. Kila mtu wa mlima huu amekukabidhi chake, nawe umevitundika vyote juu ya kichwa chako. Mwenzangu, bado jino na mguu ulioteguka havijashuka."

Nyani akajishika shavu. Akauguza mguu ambao haukuwa na kitu.

"Nifanyeje?"

"Ni uzee," akasema bibi. "Ziba mlango, piga nyungu." Akamwacha akohoe vizuri, kisha akaongeza, "Au warudishie wenyewe."

Kukapambazuka, Nyani anapita mlango hadi mlango na mafungu ya mahindi begani, anawabembeleza watu wapokee. Dari likabaki tupu. Dari tupu halihitaji moto, na pasipo moto hapana moshi. Kikohozi kikakatika, Nyani akaamini maneno ya bibi, na anayaamini mpaka leo. Mpelekee hindi, atakimbia.

Mtama ulipokomaa, Jumbe alikuwa bondeni anakula, mnono, mzito, mbali na ufa. Tai akatokea nyuma ya jua. Fyuuu! Mluzi ukaupasua mlima, pimbi wote, swaa, na Jumbe wa mwisho akatumbukiza makalio yake ndani kucha zikigonga jiwe.

Baadaye akapanda, anahema. "Kumbe haukuwa uzee, bibi."

Bi Sikudhani hakugeuka. Manyoya ya mgongoni yalikuwa bado yamesimama. "Uzee upo, Jumbe. Huu hapa nimekaa nao. Hatukohoi."

Funzo lake, wanangu: umri ukikwenda na kifua kikaanza kulia, nyamaza. Lipa, ziba mlango, usiulize. Wanaouliza hupona, na wakipona wote tabibu atakula nini?

Hadithi yangu imefika mlangoni, nauacha wazi. Kama ni nzuri, vuteni pumzi nayo. Kama ni mbaya, nirudishieni, nitaikohoa njiani.