Namkunda na Koo la Mlima

Katika zama zile ambazo watu wetu hawakuwa na jina bado, walipokuwa wakifukuzwa kutoka bonde hili kwenda bonde lile kama mbuzi walioingia shamba la mtu, alizaliwa Namkunda binti Sengondo, Sengondo wa Kiure, Kiure wa Mbugha mfua chuma, ukoo wa moto na nyundo. Huyo ndiye Namkunda Mng'oa Jabali, Namkunda Mwenye Macho ya Kisogoni, mwanamke asiyekalia kigoda kabla ya kukipindua akaona kuna nini chini yake. Tulieni basi. Na wewe unayenong'ona kule nyuma, nakuona.

Namkunda hakuzaliwa na shaka. Shaka alitiliwa kinywani. Baba yake Sengondo alikunywa pombe ya ndizi kwa rafiki, rafiki wa miaka, mtu aliyekula naye sahani moja, na kabla kibuyu hakijaisha akaanguka hapo hapo, povu mdomoni. Tangu siku hiyo binti yule hakumwamini mtu. Chakula chake alikionja kwanza mumewe, na yule bwana, kwa kuonja kila chungu, alinenepa akapendeza, wala hakulalamika hata mara moja. Lakini watu walimpenda Namkunda kwa shaka hiyo hiyo, maana waliokwisha kufukuzwa mara nyingi wanamtaka kiongozi anayenusa hatari ikiwa bado mbali.

Ni yeye aliyewaongoza hadi mlima huu. Walifika midomo imepasuka, wakakuta chini ya mlima unyevunyevu tu unaotoka kwenye upenyo wa jabali kubwa kuliko nyumba, na Namkunda akaweka bega lake pale, yeye na bangili yake ya chuma aliyofuliwa na baba yake, akasukuma mpaka damu ikamtoka puani, jabali likang'oka likabiringika bondeni. Maji yakatoka. Yakajaza shimo, yakawa ziwa, na ziwa lile lilikuwa angavu ajabu, kiasi kwamba viboko walipohamia humo, mtu aliyesimama ukingoni aliwaona wakitembea chini kabisa, kwato zao, matumbo yao, na samaki wakiwachokoa meno. Hapo ndipo watu wetu walipotua mizigo wakasema hatuhami tena.

Habari za maji yale zikasambaa hadi njia kuu ya misafara. Wakaanza kuja wageni, na wageni hawa walimtatiza kila mtu. Hawakuja kununua pembe, hawakuja kuoa, hawakuja kuomba hifadhi. Walikuja kutazama. Mtu anatoka mwendo wa wiki nzima, miguu imevimba, anakaa kando ya ziwa kutwa anamtazama kiboko, anatazama mbega wanavyoruka msituni, anashusha pumzi, anaondoka. Wazee walisema mtu wa namna hiyo lazima ana lake jambo. Wakawaita wageni wa macho.

Aliyewapokea na kuwaongoza alikuwa Kadeghe, mdogo wake Namkunda, mtu mcheshi, mwenye maneno matamu, ambaye angeweza kukaa na mgeni asiyejua lugha yake wakacheka mpaka machozi. Hilo peke yake lilimtosha dada yake kumtilia shaka. Hata hivyo, wageni waliacha chumvi, majembe na nguo, na kwa sababu ya vitu hivyo watu hawakuhitaji tena kufyeka miteremko ya juu wapande ulezi, wala kuchoma makaa wakauze mbali. Mashoka yakatundikwa. Msitu ukafunga, ukungu ukawa unalala juu yake kila asubuhi, na chemchemi ikazidi kububujika. Namkunda aliyaona hayo yote, na akayakubali kwa shingo upande.

Ila akatoa amri, na amri hiyo mwishike, kwa maana ndiyo kiini cha habari hii. Alisema, "Mgeni halali karibu na maji yangu. Mtamlaza juu, kwenye Bega la Mlima, mbali na ziwa. Na chochote kilichomgusa mgeni kisibaki juu ya ardhi yetu, asije akatuachia uchawi. Maji aliyooshea miguu, mabaki ya chakula chake, majivu ya moto wake, haja yake, vyote mtavitia katika Koo la Mlima, mlima uvimeze."

Koo la Mlima lilikuwa shimo kule juu kwenye Bega. Kijito chembamba kilitoka msituni kikajimimina humo kikapotea gizani, na mtu akitupa jiwe hasikii likifika. Watu wote waliamini kinachoingia Kooni kimekwisha. Na kwa kuwa desturi yetu ni kumwosha mgeni miguu kabla hajavuka kizingiti, wageni walivyozidi ndivyo Koo lilivyonyweshwa, msimu baada ya msimu.

Kisha ziwa likaugua. Kwanza lilifanya ukungu, kama maji ya mchele. Halafu likashika utelezi wa kijani ukingoni. Viboko wakatoka mmoja mmoja wakashuka kwenye mto wa bondeni, na wageni wa macho, ambao hawakuwa na cha kutazama, walitazama mara moja wakaziba pua wakarudi walikotoka. Watoto wakaanza kuhara. Mjukuu wa Namkunda, binti mdogo aliyekuwa akilala mgongoni mwake, alikufa mikononi mwake, na Namkunda hakulia mbele za watu. Aliondoka akaenda kukaa ukingoni, akayatazama yale maji kama mtu anayemtazama mwizi.

Chumvi ilipokwisha, wanaume wakashusha mashoka. Nani angewalaumu? Wakaanza kukata ukingo wa msitu, na mwaka huo huo chemchemi ikapungua nguvu. Namkunda akaona pande zote mbili zinabomoka kwa pamoja, na akajua kwamba mambo yakiendelea hivyo watu watabeba tena mizigo yao, na safari hii hawatakuwa na pa kwenda. Akasema moyoni kwamba kuna mkono wa mtu.

Alimchunguza kila mmoja. Aliwanusa mikono wanawake waliotoka kuteka maji. Aliwafuata wawindaji. Alijificha kwenye matete akawavizia majirani wa ng'ambo, akaambulia mbu. Na siku moja, akipapasa penye mdomo wa chemchemi, mahali maji yanapotokea jabalini, vidole vyake vikagusa kitu kigumu. Ilikuwa shanga ya buluu, kubwa, yenye doa jeupe. Hapa kwetu hakuna aliyekuwa na shanga ya namna hiyo. Ilikuwa ya mgeni, na mwenye wageni alikuwa Kadeghe.

Akamfunga mikono kwa kamba, akawaita watu wote ukingoni.

"Kadeghe mwana wa Sengondo," alisema, "umewaleta wageni kwenye mdomo wa chemchemi kwa siri, nao wametia uchawi wao humo. Umetuuza. Jua likizama utashuka nyikani peke yako, bila mkuki wala kibuyu."

Kila mtu alijua maana yake, kwani nyika ilikuwa kavu mwaka ule na simba walikuwa na njaa. Kadeghe akainua mikono yake iliyofungwa.

"Dada," alisema, "mimi sijawahi kumleta mgeni ziwani pasipo wewe kuwa nyuma yetu na mkuki. Ningefanya siri hiyo saa ngapi?"

Watu wakaguna, wengine wakataka kucheka wakajizuia. Hapo akasimama Nakijwa, mwanamke aliyefagia kambi ya wageni kule juu, akaomba aione ile shanga. Aliigeuza kiganjani.

"Mama, hii naijua," alisema. "Ilikatika kwa mgeni mmoja wa kike, nikataka kumpelekea mwanangu. Wewe ukanikuta nayo, ukanisimanga, ukaniamuru niitupe Kooni, na ukasimama pale mpaka nikaitupa. Umesahau?"

Namkunda hakuwa amesahau. Lakini je, alimwamini? Thubutu. Alimtazama Nakijwa, akamtazama Kadeghe, akawaza kwamba huenda hawa wawili wamekula njama. Shanga itoke juu mlimani ndani ya Koo, ije kutokea huku chini kwenye chemchemi? Nani alishawahi kusikia?

Ndipo akatumia ile akili iliyomfanya awe Namkunda. Alichukua kapu kubwa la ngeu, ule udongo mwekundu ambao mabinti wetu hujipaka siku ya kuchezwa unyago, akalibeba mwenyewe kwa kuwa hakumwamini mtu kulibeba. Akawaamuru watu wote wabaki ukingoni, kila mmoja amchunge mwenzake, asiinuke mtu. Akapanda mlima peke yake, akamimina ngeu yote Kooni, mpaka kijito kikaingia gizani kikiwa chekundu kama damu ya fahali. Kisha, kwa kuwa hakumwamini mtu kutazama kwa niaba yake, akageuka akateremka mbio, akiruka magogo na mawe, yeye bibi mwenye mjukuu kaburini, akafika chini kifua kinampanda na kushuka, akakaa mbele ya mdomo wa chemchemi.

Maji yakatoka na rangi yao ile ile ya ukungu. Wakakaa. Jua likasogea. Wanaume wakaanza kutazamana, na mmoja akaenda kumshika Kadeghe bega kumwandaa kwa safari. Namkunda akamwambia Nakijwa, "Umeona sasa uongo wako?"

Nakijwa alikuwa amenyoosha kidole.

Kwenye mdomo wa jabali palitokea uzi mwembamba mwekundu, ukapinda, ukanenepa, na punde chemchemi yote ikawa inatoka ngeu, ikamwagika ziwani, ikaenea hadi miguuni pao. Kila aliyekuwepo alikumbuka alichokitupa Kooni: maji ya miguu, mifupa, majivu, vinyesi vya wageni na, tuseme kweli, vya kwake mwenyewe pia. Mlima haukuwa umemeza kitu. Ulikuwa unawarudishia, nao walikunywa.

Namkunda alisimama, akamfungua Kadeghe kamba kwa mikono yake mwenyewe. Akasema mbele ya wote, "Nilimwogopa mgeni, nikaficha uchafu wake ndani ya maji yangu mwenyewe. Nimemuua mjukuu wangu kwa amri yangu. Sikilizeni. Maji haya ndiyo yanayomleta mgeni, na chumvi ya mgeni ndiyo iliyotundika mashoka yenu, na msitu usiokatwa ndio unaotupa maji. Nilifikiri ninalinda kimoja dhidi ya kingine. Tundikeni mashoka leo, hata kama mtakula bila chumvi. Mimi ndiye niliyelilisha Koo, na mimi ndiye nitakayelitapisha."

Wakapanda naye hadi Begani. Vijana wenye nguvu wakajitolea kuingia badala yake, akawakatalia. Akajifunga kamba kiunoni, ile ile iliyokuwa mikononi mwa mdogo wake, wakaiungia nyingine hata ikawa ndefu, na ilipofika zamu ya kumkabidhi mtu ncha ya pili, watu wote wakangoja waone atampa nani. Alimpa Kadeghe. Kadeghe akaizungusha mkononi mara mbili, akakanyaga mwamba imara.

Akashuka gizani. Makapu yakaanza kupanda yakinuka: mifupa, vigae, magunzi, matope meusi, majivu yaliyoganda. Kazi ile ilichukua siku, akitoka jioni kulala na kurudi alfajiri, ngozi imebabuka, sauti imekauka. Alikwenda ndani zaidi kila siku, mpaka kamba ikawa haitoshi. Kisha siku moja kapu la mwisho likapanda lina changarawe safi, nyeupe. Watu wakashangilia. Kadeghe akavuta kamba ili amtoe dada yake, na kamba ikaja nyepesi.

Ncha ilikuwa nzima. Haikuchanika wala haikukatwa. Fundo lilifunguliwa na vidole. Alikuwa ameivua ili afike mahali ambapo kamba haifiki. Waliita Kooni mpaka makoo yao yakauma. Wakashuka watu, wakakuta njia imebana kiasi kwamba hata mtoto asingepita, na maji yakipita humo kwa kasi. Namkunda Mng'oa Jabali hakuonekana tena, wala mwili wake haukutokea chini.

Na watu walivyo, walianza kumtazama Kadeghe. Ni yeye aliyeshika kamba. Ni yeye aliyekuwa karibu kufukuzwa na dada yake. Fundo hufunguliwa na vidole, lakini vidole vya nani? Minong'ono ilimfuata kila aendako, na baadhi yenu mpaka leo mnayo, msidhani sijui.

Mvua za masika zikapita, na baada yake ziwa likang'aa. Chini kabisa, juu ya changarawe, wakaona vivuli vya samaki. Lakini hakuna aliyethubutu kunywa. Walisimama ukingoni na vibuyu vitupu, kila mmoja akingoja mwenzake, na wageni wachache wa macho waliokuwa wamesikia habari nao wamesimama nyuma yao, wakiwatazama wenyeji wanavyoogopa maji yao. Ndipo Kadeghe akapita katikati ya watu, mtu ambaye wote walimshuku, akapiga magoti penye mdomo wa chemchemi, akachota kwa viganja viwili, akanywa. Akachota tena, akanywa. Alipotia mkono mara ya tatu ulitoka na bangili ya chuma.

Aliishika kifuani akalia kwa sauti, na minong'ono ya watu wengi ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo sisi tunaitwa watu wa Namkunda. Mgeni anayekuja kutazama viboko wetu, maana walirudi, habebewi uchafu wake. Anateremka nao mwenyewe kapuni, na mmoja wetu anamfuata nyuma akihakikisha. Anayetaka kujenga kibanda cha wageni, popote pale mlimani, kwanza anamwaga ngeu mahali hapo, na ukoo mzima unakaa ukingoni kutwa, kila mtu akimchunga jirani yake, wote wakiukazia macho mdomo wa jabali. Maji yakitoka mekundu, hajengi. Yakitoka safi, anavishwa bangili ile mkononi, anapiga magoti mbele ya wageni wote, na anakunywa yeye kwanza.