Mwamba Unaojibu

Jamani, hodi!
— Hodi ya nani?
Ya mwenye hadithi!
— Kaiweka wapi?
Shavuni, na inauma!
— Iteme tuione!

Haya, sogeeni. Hapo kale wanyama walikuwa na baraza la wasimulizi. Kila mwaka, mvua zikiisha, walikutana kwenye Jabali Kuu wakafundishana kusimulia. Aliyetaka kikao alipeleka pendekezo kwa mratibu, na mratibu alikuwa Chui. Walimchagua kwa sababu alisema atafanya kazi bure, na pia kwa sababu hakuna aliyetaka kumwambia hapana akiwa anamtazama.

Chui aliwapokea wapendekezaji pangoni mwake, chini ya jabali lilo hilo, mmoja mmoja, akawauliza maswali matatu.

Alikwenda Kanga jike na kikao cha Hadithi za Kulalia Mayai.

"Kinaitwaje?" Akajibu.

"Kinahusu nini?" Akajibu.

"Kinaishaje?" Akajibu.

Kwapu!

Alikwenda Digidigi. Kinaitwaje? Akajibu. Kinahusu nini? Akajibu. Kinaishaje? Akajibu. Kwapu! Mratibu alikuwa akimeza pendekezo pamoja na mpendekezaji.

Ratiba ikitangazwa, ilikuwa hivi: asubuhi Chui, mchana Chui, jioni Chui. Wanyama wakapiga makofi. "Ana kipaji huyu!" Na wale wengine je? "Walikataliwa, wakaona haya, wakahama."

Simlaumu sana Chui. Njaa ya tumbo na njaa ya sifa ni pacha, na yeye alizaliwa nazo zote mbili.

Aliyejua ni Pimbi peke yake. Nyumba yake ilikuwa ufa mwembamba ulioanzia juu ya jabali ukashuka hadi mlangoni pa pango, na kila kwapu aliisikia. Mwaka huo alisikia ya dada yake, aliyekuwa amekwenda na kikao cha Nyimbo za Mwambani, nyimbo walizoachiwa na mama yao. Pimbi akakimbia kuwaambia wenzake. Wakamcheka.

"Wewe! Juzi ulipiga yowe kwamba tai huyo, kumbe wingu!"

Ni kweli, pimbi hupigia yowe kila kitu. Na baraza lilikuwa kesho kutwa. Kesho kutwa Chui angesimama aimbe nyimbo za dada yake, apigiwe makofi, na jina la dada lingepotea kama alivyopotea mwenyewe. Pimbi akawaza mchana kutwa. Kisha akaenda kumnong'oneza shangazi yake.

Kesho yake adhuhuri akasimama mlangoni pa pango, mgongo wake ukigusa ufa.

"Shikamoo, Bwana Mratibu."

"Marahaba. Ingia, mwanangu. Mbona unasimama mlangoni kama mdai?"

"Nina matope miguuni, bwana. Nitakuchafulia."

Chui akasogea hatua moja. Nya!

"Kikao chako kinaitwaje?"

"Mwamba Unaojibu."

Hatua ya pili. Nya!

"Kinahusu nini?"

"Msimulizi anapanda jabalini, anagonga mara tatu kwa ukucha. Wasikilizaji wanauliza lolote, na mwamba unajibu. Hausemi uongo. Jaribu, bwana."

Chui akagonga ukuta wa pango. Ko, ko, ko. "Mwamba, nani msimulizi bora?"

Ndani kabisa ya ufa, shangazi yake Pimbi akavuta pumzi. "Ni Chuuuui," ukajibu mwamba.

Chui akasisimka hadi ncha za masharubu. Hakuuliza mwamba umejuaje. Ukisifiwa na jiwe, ya nini kulichunguza?

Hatua ya tatu. Nya! Pumzi ya moto ikamfika Pimbi puani. Katikati ya meno mawili aliona unyoya mweusi wenye madoa meupe.

"Na kinaishaje?"

"Mwisho wake uko kwenye swali la mwisho, bwana. Hata mimi siujui."

Kwapu!

Meno yakagonga jiwe. Pimbi alikuwa keshachomoka kinyumenyume ufani, ameacha nyuma tonge la manyoya tu. Chui akalitafuna, akalitema. "Si kitu," alisema. "Kikao ninacho."

Siku ya baraza Jabali Kuu lilijaa. Mwenyekiti, Mama Tembo, akapepea masikio. "Sheria yetu mnaijua. Mwenye kikao hashuki mpaka maswali yaishe."

Chui akapanda. "Kikao changu mwenyewe, nilichokibuni mwenyewe: Mwamba Unaojibu! Mwamba huu hausemi uongo." Ko, ko, ko.

"Mwamba, kesho jua litatoka?" aliuliza Nyani.

"Likiamka!" ukajibu mwamba. Wanyama wakacheka. Chui akainama kwa madaha.

Kisha akasimama Kanga dume, sauti yake ndogo. "Mwamba, mke wangu alikwenda kupendekeza kikao. Mayai yamepoa. Yuko wapi?"

Ndani ya mwamba Pimbi alitazama juu. Kucha za Chui zilikuwa zimeingia ufani, karibu zimguse sikio. Akiitambua sauti, mkono mmoja tu ungetosha. Akamkumbuka dada yake, akafumba macho.

"Tumboni mwa mratibu," ukasema mwamba kwa sauti nene.

"Jiwe hili linaongopa!" akanguruma Chui.

"Bwana Mratibu," alisema Mama Tembo polepole, "umetuambia haliongopi. Na kikao ni chako."

"Si changu! Ni cha Pimbi!"

"Pimbi? Mbona hayumo kwenye ratiba?"

"Alileta pendekezo, mimi nika..." Chui akajiuma ulimi.

"Uka nini?" aliuliza Kanga.

"Uka nini?" wakauliza wote. "Uka nini? Uka nini?"

Mama Tembo akainua mguu. Ndii! Chui aliruka, akatokomea porini, na tangu siku hiyo anawinda peke yake na hamsimulii mtu kitu.

Pimbi akatoka ufani, manyoya yamenyofoka kifuani. Hakupiga yowe. Alilitaja jina la dada yake, akaimba nyimbo zake zote mpaka jua likatua, na Kanga akaziitikia. Wakamchagua yeye kuwa mratibu.

Mwaka uliofuata ratiba ikasomwa: asubuhi Pimbi, mchana Pimbi na shangazi yake, jioni Pimbi.

"Na pendekezo langu?" aliuliza Kanga.

"Limepokelewa," alisema Pimbi. "Linafikiriwa."

Hadithi hii inatufunza kusema kweli daima, hasa ukiwa umejificha ndani ya jiwe na umebadili sauti.

Haya, shavu limepona!
— Hadithi iko wapi?
Imehamia kwenu, mtaumwa ninyi!
— Tutaitema kwa wengine!