Mabakuli Mawili ya Maharage

Mtu mmoja alikuwa na mke aliyepima kila jambo mpaka likapoa. Jina lake Mbonea, na mkewe Nakijwa, mwalimu wa kemia. Chuo kikuu kilikuwa kimempa Nakijwa nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu, achunguze maji ya visima yanayotia madoa meno ya watoto. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa kwisha.

Nakijwa akaweka mabakuli mawili mezani, moja la kwenda, moja la kubaki. Kila sababu ilipomjia, alitia punje ya harage. Atalijibu swali lililomsumbua tangu utotoni: punje kwa kwenda. Msimamizi anaweza kumzungusha mpaka mvi zimtoke: punje kwa kubaki. Heshima, kufundisha chuoni: punje, punje. Majaribio yanayoharibika, ajira za kubahatisha, mtoto wao Eliamini ambaye ndiyo kwanza ameacha kunyonya: punje, punje, punje. Hata jirani aliyekuja kuomba chumvi hakuruhusiwa kuondoka bila kutia yake.

Kilichomkera Mbonea kuliko vyote ni kwamba punje zilikuwa sawa. Mtoto, punje moja. Chakula kibaya cha bwenini, punje moja. Jamani, hiyo ni mizani gani? Lakini naye hakuwa na mikono safi. Alitamani mkewe abaki, akaona aibu kusema. Basi Nakijwa akiegemea kwenda, yeye hukohoa na kutaja ugumu. Akiegemea kubaki, dhamiri humsuta, akataja faida. Mabakuli yakajaa sawasawa, na yeye ndiye aliyelalamika kuliko wote.

Alhamisi mchana alirudi kutoka shambani, njaa inamuuma. Jikoni sufuria ilichemka maji matupu, na Nakijwa ameinamia mabakuli, anahesabu upya. Uvumilivu ukamwishia Mbonea. Akachukua bakuli la kubaki, akalimimina sufuriani. Nakijwa hakuinua hata kichwa. Mbonea akanyanyua na la kwenda.

"Baba Eliamini, hilo niachie!"

Nakijwa alikuwa ameshalishika kwa mikono miwili, kiti kimeanguka nyuma yake. Nakijwa mwenyewe alishtuka kwa sauti yake. Mbonea aliumia, maana hilo silo jibu alilolitaka, na sasa hakuwa na faida wala ugumu wa kutaja. Akaliachia bakuli. Akamweka mtoto mgongoni, akachochea moto.

Maharage ya kubaki yaliiva, wakayala, na kesho yake asubuhi jibu likapelekwa chuoni.

Nanyi mnaotuchosha kwa kuhesabu punje: siku mwenye njaa atakapoingia jikoni, mtarukia bakuli lipi?