Somo wa Mtoto wa Karatasi

Hapo zamani, wala si zamani sana maana simu zilishajua kupiga picha, palikuwa na fundi cherehani mjini Muheza, jina lake Mashavu. Wateja wakichelewa kufuata nguo zao, na walichelewa kweli, Mashavu alichukua karatasi za kukatia mitindo akachora mtoto mnene anayeruka. Picha hii, picha ile, kila moja imesogea kidogo. Kisha akazipiga picha kwa simu na kuzifuatanisha mpaka mtoto akaondoka chini.

Tatizo, mtoto aliruka kama ubao. Alipanda ubao, akatua ubao. Mashavu alikasirika hadi akavunja sindano.

Bi Mwanakheri, mama mkwe wake, alikuwa anakanda unga wa chapati. Akaliangusha donge mezani.

"Tazama, mwanangu. Likitua linabonyea. Likipungua urefu linapata upana, unga ni uleule. Huyo wako hana nyama."

Mashavu akachora upya. Akitua anabonyea, akipanda ananyooka. Mtoto akapata mwili.

Lakini alikwenda mwendo mmoja tu, kama anayevutwa kwa kamba. Kibwana, mjomba wa mumewe, mpiga ngoma za harusi, akacheka.

"Huyu hajui kucheza! Achuchumae kwanza ndipo aruke. Kule juu akawie kidogo, halafu ashuke mbio."

Akampigia mdundo kwa vidole juu ya cherehani. Mashavu akazisogeza picha za juu karibu karibu, za kushuka akaziachanisha. Mtoto akapata mwendo.

Hata hivyo hakuwa na tabia. Angeweza kuwa mtoto wa yeyote. Basi Mashavu akamwomba mumewe, Mbaruku, aruke uani amtazame. Mbaruku, ambaye siku zote alimcheka mkewe kwa "vikatuni vyake", akaruka. Akaruka mchana kutwa, mkono mmoja juu, mwingine umeshika msuli aliojifunga kiunoni usimdondoke. Majirani wakachungulia ukutani, wakaulizana kama amepagawa. Mwisho akateguka kifundo cha mguu. Lakini sasa mtoto naye aliruka ameshika nguo yake kiunoni, na kila aliyemwona alicheka hadi machozi.

Waliokuwa na harusi mtaani wakaomba mtoto yule aonyeshwe ukutani Jumamosi, watu wafurahi. Wakauliza, "Anaitwa nani?"

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kwa watu wale, mtoto akipewa jina lako wewe ni somo yake, na usomo haugawiwi ovyo.

"Mwili wake umetoka kwenye donge langu," alisema Bi Mwanakheri. "Aitwe jina langu."

"Mwili bila mwendo ni mto wa sufi," alisema Kibwana. "Nani aliyemwinua? Aitwe jina langu."

Mbaruku akaunyoosha mguu wake uliofungwa kitambaa. "Nyinyi mlisema tu, mimi niliruka. Mtaa mzima umeniona kichaa. Angalau wajue nilikuwa kazini!"

Mashavu akacheka. Kibwana akacheka. Bi Mwanakheri hakucheka.

"Miaka yote hii mmeoana," alisema taratibu, "Mungu hajawajalia, nami sikuwauliza hata siku moja. Lakini somo namtaka."

Mashavu alimhurumia mkwewe, akajihurumia na yeye. Maana naye alikuwa na jina la mtoto. Alilichagua mwaka wa kwanza wa ndoa, asimwambie mtu, na kila alipomchora mtoto yule alimwita kwa jina hilo kimoyomoyo. Hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi ikafika. Shuka jeupe limetundikwa, wageni wamekaa, na wenye harusi wanamhimiza Mashavu aandike jina watu waone. Kalamu anayo mkononi.

Haya, nyinyi mnaochekelea huko nyuma, msaidieni. Mmoja analala naye, mwingine anampikia chapati, na harusi ile hainogi bila ngoma ya wa tatu! Je, nani alistahili kuwa somo: aliyempa mtoto mwili, aliyempa mwendo, au aliyempa tabia kwa gharama ya mguu wake? Au Mashavu aandike lile jina lake, na awatazame vipi wale watatu?